Nina D ya Fizikia: nichague chuo gani cha mionzi?

Swali limetoka kwa binti wa Muheza mwenye miaka 19. Nalifupisha:

"Shikamoo mama. Nimemaliza kidato cha nne. Nina C ya Baiolojia, C ya Kemia, D ya Fizikia na D ya Kiingereza. Hesabu nimepata F. Nataka kusomea eksirei. Kuna mtu anapita mitaani anasema chuo chao kinatoa cheti kwa miezi sita. Binamu yangu aliyeko Marekani anasema huko ni miaka miwili na mengine unasoma kwa intaneti. Baba yeye hataki kusikia, anasema mionzi itaniharibu kizazi. Nichague chuo gani, na baba nimjibu nini?"

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi umeuliza kabla hujalipa, maana wengi wanaonifuata mimi mpiga eksirei huku Tanga huja wakiwa na risiti mkononi.

Nianze na matokeo, najua ndiyo yanayokukosesha usingizi. Diploma ya eksirei hapa kwetu ni ya miaka mitatu. Inamtaka mtu wa kidato cha nne awe amefaulu masomo manne yasiyo ya dini, na Kemia, Baiolojia na Fizikia lazima ziwemo. D ni ufaulu. Kiingereza chako kinatimiza la nne. Hesabu na Kiingereza vimewekwa kama nyongeza ya uzito, kwa hiyo hiyo F peke yake haikufungii mlango. Lakini sifa ya chini inakupa ruhusa ya kuomba tu, haikupi kiti. Waombaji wakizidi viti, chuo kinaanza kuokota kutoka juu, na vingine hujiwekea masharti makali zaidi. Omba mwaka huu, na wakati huohuo jiandikishe kurudia Hesabu na Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ukipata chuo, hujapoteza kitu. Ukikosa, mwakani unarudi na karatasi nzuri zaidi.

Huyo wa miezi sita mwache. Huku kwetu huwezi kumpiga mgonjwa picha bila kusajiliwa na kupewa leseni na baraza la taaluma yetu, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2007, na baraza hilo halitakuandikisha kwa karatasi ya miezi sita. Kuna kozi fupi za halali, kwa mfano za ultrasaundi, lakini ni za watu wenye taaluma tayari wanaoongeza ujuzi. Na hata chuo cha miaka mitatu ukichunguze: NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, inatoa ithibati kwa kila programu. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha uuguzi au utabibu kikawa hakina kibali cha eksirei. Kwa hiyo usiulize "chuo kimesajiliwa?" ukaishia hapo. Uliza programu yenyewe, kisha uitafute kwa macho yako kwenye kitabu cha mwongozo cha NACTVET cha mwaka huu.

Binamu yako hakudanganyi. Marekani programu nyingi ni za miaka miwili, na tangu 2015 shirika linalosajili watu wa eksirei kule, ARRT, lililoanza mwaka 1922, linataka angalau shahada ile ndogo ya chuo cha kati. Na ni kweli kwamba nadharia baadhi yake husomwa kwa intaneti. Ila mwanafunzi wa kule haruhusiwi kukaa kwenye mtihani mpaka awe amefanya vipimo vilivyoorodheshwa, vingi vyake kwa wagonjwa halisi, na msimamizi akatia sahihi kwamba anaviweza. Hapo hakuna njia ya mkato, uwe huko ama Muheza.

Sasa, chuo gani. Jibu langu ni lilelile ninalowapa wote: usichague chuo kwa jengo lake wala kwa sare zake. Chagua kwa chumba cha eksirei utakachopelekwa kufanyia mazoezi. Nitakwambia nimelitoa wapi.

Nilikuwa mwaka wa pili, nimepelekwa fildi kwenye hospitali moja ambayo siitaji. Jioni moja akaletwa bibi aliyeteleza uani kwake. Nilikuwa peke yangu chumbani. Kitabu kinasema ukipiga picha ya nyonga, miguu yote miwili igeuzwe ndani nyuzi kama 15 hivi, ili shingo ya mfupa wa paja ionekane kwa urefu wake wote. Nilikuwa nimelikariri hilo kama sura ya Kurani. Basi nikamlaza bibi, nikaweka kiganja chini ya kisigino chake. Nakumbuka kucha zake zilikuwa na hina ya zamani, imebaki rangi ya chungwa kwenye ncha tu. Mguu wa kulia ulikuwa umelala nje, tena mfupi kidogo kuliko wa pili. Nikauona, na haukuniambia kitu. Nikaanza kuugeuza. Bibi hakupiga kelele. Alishika ukingo wa koti langu akaukunja ngumini, akafumba macho.

Mkono ukanishika kifundo cha mkono. Alikuwa msimamizi wetu, ndiyo kwanza anarudi kutoka wodini na mashine ya eksirei ya kusukuma. Akasema, "Acha. Mguu uliolala nje hivi haugeuzwi. Piga ulivyo." Tukapiga ulivyo. Shingo ya paja ilikuwa imevunjika.

Usiku ule nilifungua kitabu. Onyo lilikuwepo, mistari miwili tu chini ya ile niliyokariri: usigeuze mguu kama unashuku umevunjika. Nilikuwa nimelisoma. Nilichokuwa sina ni mtu wa kusimama karibu yangu mara kumi za mwanzo, mpaka mguu uliolala nje ukiuona mkono wako usimame wenyewe. Na hakuwepo kwa sababu tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja kwa mashine moja na msimamizi mmoja, naye ndiye huyohuyo aliyekuwa akiitwa wodini, chumba cha upasuaji na mapokezi. Chuo kilijua hivyo na kikaendelea kuleta wanafunzi. Maumivu ya bibi yule siwezi kuyatenga na hesabu hiyo ya kumi na mmoja kwa mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, nenda chuoni siku ya kazi, asubuhi. Usikae na wa ofisi ya udahili, yeye atakupa kipeperushi. Watafute wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu, salimiana nao vizuri, uwaulize wakipelekwa fildi wanakuwa wangapi kwa mashine moja. Waulize kama wanapangiwa zamu za jioni na usiku, maana ajali za bodaboda na watoto waliomeza sarafu hawaji saa tatu asubuhi na karatasi zao mkononi. Waulize kitabu cha mazoezi anayekitia sahihi ni nani: aliyesimama akaona ukipiga, au mtu anayesaini kurasa ishirini kwa mkupuo siku ya mwisho? Waulize kama siti skani wameishika au wameichora tu kwenye daftari. Tena mwombe mmoja wa mwaka wa tatu akueleze angempigaje picha ya bega mtu asiyeweza kunyanyua mkono. Mwenye kufundishwa vizuri atakwambia mkono hauguswi, atamgeuza mgonjwa mwili mzima taratibu au ataligeuza bomba la mashine atafute upande mwingine. Hutaelewa kila neno, lakini utaona kama mikono yake inasogea anapoeleza. Aliyepiga kweli hawezi kueleza akiwa amekunja mikono.

Na uliza habari ya dosimeta, kile kidude kidogo cha kupachika kifuani kinachopima mionzi uliyopokea. Mwanafunzi anayeingia chumba cha eksirei anastahili kupimwa kama mfanyakazi. Chuo kikikwambia dosimeta ni za walioajiriwa tu, ondoka, usijadiliane.

Majina yanayotajwa kwanza ni Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, na chuo cha Bugando, Mwanza, na sababu ni hiyohiyo: vimekaa ndani ya hospitali kubwa, mgonjwa wa kila aina anapita pale. Tena anayetaka baadaye kuhamia tiba mionzi, ile ya kutibu saratani, Dar es Salaam kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road. Lakini sisemi kwamba usipopata huko ubaki nyumbani. Nimepokea wanafunzi kutoka vyuo vidogo wenye mikono mizuri, kwa sababu hospitali yao ilikuwa na wagonjwa wengi na msimamizi anayekaa chumbani. Nimepokea pia wenye alama za juu wasiojua kumshusha mgonjwa kwenye machela.

Sasa hiyo D ya Fizikia. Usiiogope, ila usiidharau, kwa sababu utaishi nayo. Ndani ya bomba la eksirei kuna waya unaopashwa moto mpaka unatoa elektroni. Elektroni hizo zinavutwa kwa makumi ya maelfu ya volti, zinagonga kipande cha tungsteni. Katika nguvu yote hiyo, karibu asilimia 99 inageuka joto, na ni kama asilimia 1 tu inayotoka kuwa eksirei. Ndiyo maana asubuhi tunaipasha mashine kidogo kidogo kabla ya mgonjwa wa kwanza: bomba la baridi likipigwa ghafla linaweza kupasuka, na bomba moja ni fedha ambayo hospitali ya wilaya inaisubiri miezi. Halafu utajifunza kucheza na vitu viwili, kilovolti na miliampea-sekunde (miliampea ukizizidisha kwa sekunde). Cha kwanza ni ukali wa mionzi, kwamba itapenya mwili kiasi gani. Cha pili ni wingi wake. Kifua cha mtoto wa miaka miwili na kiuno cha mzee mnene havipigwi kwa namba moja, na kujua uanzie wapi kunakuja kwa kupiga na kuangalia, kupiga na kuangalia.

Hapa nina jambo linalonisumbua kuhusu mafunzo ya siku hizi, niruhusu nikae nalo kidogo. Sisi tulisomea filamu. Ulikuwa unaingia chumba cha giza, taa nyekundu, harufu ya dawa kama siki, unaitumbukiza filamu na kusubiri. Ukizidisha mionzi inatoka nyeusi kama mkaa. Ukipunguza inatoka imepauka. Kosa lako lilikuwa linaning'inia kwenye kibanio, wenzako wote wanaliona. Mashine za dijitali zimetuondolea adha hiyo na mimi siililii, picha inakuja kwa sekunde chache na daktari anaifungua huko aliko. Ila kompyuta inarekebisha mwanga wa picha yenyewe. Ukimpa mgonjwa mionzi mara mbili ya inayotakiwa, picha inatoka nzuri, tena nyororo kuliko ile sahihi. Hakuna wa kukukaripia. Kesho unaongeza tena, na keshokutwa. Mgonjwa ndiye anayebeba, wala hajui. Pembeni ya kila picha ya dijitali kuna namba inayoonyesha mionzi iliyofika kwenye kipokeo. Msimamizi mzuri anakufundisha kuitazama namba hiyo kabla hujautazama mfupa. Ukifika fildi ukakuta hakuna anayeitaja, itaje wewe.

Kingine kidogo lakini kimewahi kuwaponza watu: herufi L na R za madini ya risasi, za kuonyesha kushoto na kulia. Ziweke kwenye kaseti, lile bamba linalopokea picha, kabla ya kupiga, usizichape kwa kompyuta baadaye wakati umeshasahau mgonjwa alielekea wapi.

Sasa baba. Mwanangu, usimjibu baba kwa kumwambia hajasoma. Hofu yake ina asili. Mwanasayansi Röntgen aliigundua mionzi hii tarehe 8 Novemba 1895 huko Würzburg, Ujerumani, na miaka ya mwanzo watu waliichezea kama tochi. Wataalamu walikuwa wanajaribu mashine kwa kuweka mikono yao wenyewe mbele yake kila asubuhi. Wengi walipoteza vidole, wengine maisha. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikatwa mikono na akafa mwaka 1904. Sheria zote tunazozifuata leo zimetokana na watu hao.

Mpe baba namba, kwa sababu baba wengi huku kwetu wanaheshimu hesabu. Mionzi inayoupata mwili tunaipima kwa milisiveti. Kila mtu duniani, hata mkulima wa machungwa wa hapo Muheza ambaye hajawahi kuona eksirei, anapokea kwa wastani kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Picha moja ya kifua inampa mgonjwa chini ya 0.1. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa 20 kwa mwaka, ukihesabu miaka mitano, na mwaka wowote mmoja usivuke 50. Kizazi cha mwanamke kuharibika moja kwa moja kunahitaji zaidi ya 2,000 kwa mkupuo mmoja, tena ipigwe kwenye nyonga. Dosimeta yako inasomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, na tume hiyohiyo ndiyo inayokagua mashine na kuta za chumba. Kwa hiyo hutaishi kwa kukisia, utakuwa na rekodi yako. Mimi niko kwenye kazi hii tangu miaka ya tisini na nimezaa watoto watatu nikiwa ndani yake.

Mweleze pia kwamba eksirei haibaki chumbani. Ni kama taa: ukizima imekwisha, haijiegemezi ukutani ikakusubiri. Wenye kushughulika na chanzo cha mionzi kisichozimika ni baadhi ya watu wa tiba mionzi, nao wana taratibu zao kali. Sisi tunapiga tukiwa nyuma ya ukuta wenye kioo cha risasi. Pale tunapolazimika kuwa wodini na mashine ya kusukuma tunavaa aproni ya risasi na kurudi nyuma, kwa sababu ukiondoka mita 1 ukasimama mita 2, mionzi inayokufikia inabaki robo. Mita 3, inabaki sehemu moja ya tisa. Hiyo ndiyo Fizikia yako ya D ikikulinda.

Yapo mawili ya kushika mwenyewe bila kusubiri kukumbushwa. Usiwe mtu wa kumshikilia mgonjwa wakati wa kupiga. Mtoto ashikwe na mzazi wake, aliyevalishwa aproni na ambaye si mjamzito. Yeye ni mara moja, wewe ni kila siku. Na siku ukibeba mimba, sema mapema hata kama bado unaona haya. Kuanzia hapo mtoto aliye tumboni anawekewa kiwango chake, asizidi 1, na unapangiwa kazi ipasavyo.

Kuna jambo baba hakuliuliza lakini lingemgeuza moyo kuliko namba. Huku kwetu pwani mwanamke akiingia chumba cha eksirei akakuta msichana, mabega yake yanashuka. Picha ya kifua inataka avue buibui, mtandio wenye sindano, sidiria yenye chuma, mikufu. Wakati mwingine shanga za nywele zinaangukia shingoni, nazo zinatoa kivuli. Alikuja mama mtu mzima kutoka Pongwe, anakohoa wiki tatu, ana hirizi shingoni yenye bati ndani. Bati lile lingekaa sawasawa juu ya pafu, pale pale daktari anapotafuta kifua kikuu. Mwanafunzi wangu akamwambia, "Shikamoo bibi. Naona umevaa kinga yako. Picha hii itaiona yenyewe badala ya kifua. Tumpe mwanao aishike hapo mlangoni, nikimaliza nakuvisha mwenyewe." Bibi akainama, akavuliwa. Tukamaliza, na yule binti akamfunga uzi kwa fundo lilelile alilolikuta. Sikumfundisha hilo fundo. Picha ilitoka safi.

Kuhusu kazi nitakuwa mfupi. Hospitali za rufaa za mikoa zimefungiwa siti skani miaka ya karibuni na vituo vingi vimepata eksirei za dijitali, kwa hiyo watu wa kuziendesha wanahitajika. Lakini kuhitajika si kuajiriwa. Nafasi za serikali zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwa vipindi, wengine wanasubiri mwaka au zaidi, na hospitali binafsi zinampendelea aliyeshika mashine zaidi ya moja. Ada nayo usiichukulie kama jambo la baba peke yake: tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha wanafunzi wa diploma katika fani zilizochaguliwa, za afya zikiwemo. Soma mwongozo wao wa mwaka wako uone kama fani yako imo.

Kabla ya yote hayo, nenda hapo hospitali ya Teule, au siku ukija mjini Tanga pita hospitali ya Bombo, umwombe mkuu wa kitengo cha mionzi akuruhusu ukae kwenye benchi la nje ya chumba cha eksirei asubuhi moja. Nenda na baba. Mketi naye pale, mwone wanaoingia na wanaotoka, na mlango ukifunguliwa mwombe mtaalamu amwonyeshe dosimeta iliyo kifuani pake.